Kabla ya Kutia Saini, Tazama "Mahali Ulipoajiriwa"

Wengi wanaoniletea mikataba ya kazi niwasomee huanza na mshahara, kisha hugeuza hadi ukurasa wa mwisho panapowekwa saini. Mimi huanza na kipengele wanachokiruka: mahali ulipoajiriwa.

Chukua fundi aliyeitwa kutoka Mwanza akafanye kazi Dar es Salaam. Mkataba ukitaja Dar es Salaam kuwa mahali pa kazi na pia mahali alipoajiriwa, ajira ikikoma atapata taabu kudai nauli ya kurudi kwao. Ukitaja Mwanza, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri agharamie safari yake na mizigo yake, tena amlipe fedha za kujikimu za kila siku hadi atakaposafirishwa. Nimewahi kumsimamia mtu aliyesubiri nauli kwa miezi. Neno hilo moja ndilo lililombeba mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoamua migogoro ya kazi.

Kwenye mshahara, usiridhike na jumla. Omba mshahara wa msingi uandikwe mbali na posho. Msingi wa shilingi 400,000 na posho ya 600,000 bado ni milioni moja, lakini malipo ya saa za ziada, mara moja na nusu, hupigwa kwenye msingi. Kiinua mgongo vilevile: siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10.

Saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka ni haki yako hata mkataba ukinyamaza. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28. Ikiongezwa, iwe sawa kwa pande zote mbili.

Mkataba wa muda maalumu unahitaji jicho kali. Bosi akikuahidi kuuongeza, mwombe aandike, hata kwa barua pepe, maana anayedai kwamba alitarajia kuongezewa lazima aonyeshe msingi wa matarajio yake.

Na kama hukupewa karatasi yoyote, usikate tamaa. Kwenye shauri, mwajiri asipotoa mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayoyadai ni wake. Tunza hati za mshahara, jumbe za simu na kitambulisho cha kazi. Ukiachishwa isivyo halali, fika Tume ndani ya siku 30.