Biti kwa biti: sifa ya njia, si ya faili

Laptopu ndogo isiyo na feni, SSD iliyojaa FLAC (faili za muziki zilizobanwa bila kupoteza kitu) na DAC ya USB (kifaa kinachogeuza namba za sauti kuwa umeme) pembeni ni chanzo kizuri cha muziki. Kufungua FLAC ni kazi nyepesi hata kwa prosesa dhaifu ya miaka kumi iliyopita. Tatizo huanza mwenye laptopu anapotangaza kwamba sasa anasikiliza “biti kwa biti”. Ukimuuliza amejuaje, atakwambia faili zake ni za 24/192, yaani biti 24 kwa kila namba na namba 192,000 kwa sekunde. Mwingine atakwambia amebadilisha kebo, na mwingine kwamba besi imekuwa nzito. Yote matatu yanaweza kuwa kweli, na hakuna hata moja linalojibu swali.

Maana yenyewe ni fupi. Namba zinazopatikana faili linapofunguliwa ndizo hizohizo zinazoingia kwenye DAC, kwa mpangilio uleule, bila hata moja kubadilishwa. Basi. Ni sifa ya njia iliyo kati ya programu ya kuchezea muziki na kifaa kinachogeuza namba kuwa umeme. Ubora wa faili uko kabla ya njia hiyo, na ubora wa DAC, amplifaya na spika uko baada yake.

Sehemu ya lawama ni ya neno. Kwenye mazungumzo ya muziki tayari tuna biti nyingine, ile anayoiandaa prodyuza kabla mwimbaji hajaingiza sauti, na ndiyo maana mtu akisikia “biti kamili” anategemea ngoma igonge. Hizi mbili hazina undugu. Biti ya kompyuta ni mkato wa “binary digit”, yaani tarakimu ya mfumo wenye tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Claude Shannon aliitumia katika makala yake ya nadharia ya mawasiliano ya mwaka 1948, akaeleza humohumo kwamba aliyependekeza neno hilo ni J. W. Tukey. Na “digit” ukiifuata hadi kwenye Kilatini unakuta kidole, kwa sababu watu walihesabia vidole. Kwa hiyo biti ni kitu cha kuhesabiwa. Namba ama ni ileile ama si ileile. Hakuna biti tamu, yenye joto wala iliyo wazi zaidi ya mwenzake.

Kilichoharibu mambo zaidi ni nusu ya pili ya neno la Kiingereza, “bit-perfect”. Hiyo “perfect” inasikika kama sifa ya uzuri. Lakini ni ileile iliyo katika “word-perfect”, linalosemwa kwa mwigizaji aliyekariri maneno yake bila kudondosha hata moja. Kiswahili hapa kimetenda haki kuliko Kiingereza: “biti kwa biti” inakaa pamoja na “neno kwa neno”, na hakuna anayesikia “neno kwa neno” akadhani amesifiwa shairi. Mghani anaweza kughani utenzi mzima neno kwa neno kwa sauti ya chura. Anaweza pia kughani neno kwa neno utenzi mbovu. Uaminifu wake kwa maneno ni jambo moja, utamu wa koo lake ni jambo la pili, na ubora wa utenzi ni la tatu.

Ndiyo maana MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inaweza kufika kwenye DAC biti kwa biti. Ikishafunguliwa inakuwa mfululizo wa sampuli, yaani namba za vipimo vya sauti vilivyochukuliwa maelfu ya mara kwa sekunde, kama muziki mwingine wowote, na sampuli hizo zikifika salama, njia imetimiza kazi yake. Kilichopotea kilipotea siku ile MP3 ilipotengenezwa. FLAC nayo ni “bila hasara”, ambayo ni ahadi tofauti kabisa: kwamba ukiifungua utapata sampuli zilezile zilizofungwa. FLAC hubeba ndani yake alama ya MD5, namba ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye sauti hiyo, na amri ya flac -t huihakiki. Hayo yote yanaishia kwenye faili. Likishafunguliwa, mfumo endeshi unaweza kuzifanyia namba hizo lolote, na mara nyingi hufanya.

Kinachofanyika hasa ni hiki. Kompyuta inataka kivinjari, mlio wa arifa na muziki wako visikike kwa wakati mmoja, kwa hiyo vyote hupita kwenye kichanganyio kimoja. Kichanganyio hufanya kazi kwa kasi moja ya sampuli, na kasi hiyo mara nyingi ni 48,000 kwa sekunde. Muziki wa CD ni sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, chaneli mbili. Namba hiyo ya ajabu ilirithiwa kutoka kwenye mashine za video zilizotumika kurekodi sauti ya dijitali: mistari 245 ya picha mara nusu-fremu 60 kwa sekunde mara sampuli 3 ni 44,100, na kwa mfumo wa Ulaya mistari 294 mara 50 mara 3 ni 44,100 vilevile. Wa filamu na video wakashika 48,000. Uwiano wa hizo mbili ni 147 kwa 160. Maana yake kati ya kila sampuli 147 za CD ni moja tu inayoangukia wakati mmoja na sampuli ya upande wa pili. Zilizobaki lazima zikokotolewe upya. Faili lako la 24/192 nalo likipita hapo linashushwa hadi 48, huku skrini ya programu ikiendelea kuandika 192 bila aibu.

Kipingamizi cha pili ni volyumu ya ndani ya kompyuta. Chukua sampuli moja ya biti 16 yenye thamani 12,345. Shusha volyumu kwa nusu, yaani desibeli 6 hivi: inakuwa 6,172.5. Katika biti 16 hakuna nusu, kwa hiyo inaandikwa 6,172 au 6,173, na ukiizidisha tena kwa mbili hutaipata 12,345. Ekwalaiza, ReplayGain (inayosawazisha ukubwa wa sauti kati ya nyimbo), kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine, “maboresho ya sauti” yanayokuja na draiva ya laptopu: vyote vinazidisha au kujumlisha namba, na kimoja tu kinatosha kuvunja sifa.

Kuna badiliko moja ambalo watu hulihofia bure. DAC ikionyesha biti 24 au 32 wakati faili ni la 16, hakuna kilichoharibika. Sifuri zimeongezwa mwishoni mwa kila namba ili ijaze nafasi. Ni kama kuandika 7 kuwa 7.00.

Kwenye Windows, njia ya kukwepa kichanganyio ilikuja na WASAPI, mfumo wa sauti wa Windows yenyewe, tangu Vista. Inahitaji mambo mawili, na watu hufanya moja: kwenye sifa za kifaa cha sauti, ruhusu programu kukimiliki peke yake, kisha ndani ya programu ya muziki chagua WASAPI ya kipekee, si ile ya kushirikiana. ASIO, aina ya draiva inayounganisha programu na kifaa moja kwa moja, nayo inafaa ikiwa DAC ina draiva hiyo. Kwenye macOS, programu ya Audio MIDI Setup ndipo kasi inapopangwa, na haibadiliki yenyewe kufuata wimbo isipokuwa programu unayotumia ina uwezo huo. Kwenye Linux, elekeza programu moja kwa moja kwa ALSA, mfumo wa sauti wa Linux, mfano hw:1,0 (kadi namba 1, kifaa namba 0). Ukiandika plughw:1,0 muziki utalia bila tatizo, maana “plug” hiyo hubadilisha kasi kimyakimya pale kifaa kinapokataa, na wewe hutajua. Bluetooth usiihesabu: mifumo yake ya kubana sauti kama SBC, AAC na LDAC hupunguza data kabla ya kuirusha.

Kupima hakuhitaji masikio makali. Wimbo ukiwa unalia, jitumie barua pepe. Ukisikia mlio wa arifa ukiingia juu ya muziki kupitia DAC hiyohiyo, bado uko kwenye kichanganyio. Kwenye Linux soma /proc/asound/card1/pcm0p/sub0/hw_params, ukiweka namba ya kadi yako: kwa wimbo wa CD unataka kuona rate: 44100. Hiyo inathibitisha kasi tu, si volyumu. Jaribio kali zaidi ni faili la WAV lililotolewa kwenye CD ya DTS (ambayo sauti yake imefungwa kwa msimbo maalumu), likipelekwa kwa kebo ya sauti ya dijitali ya S/PDIF hadi kwenye risiva inayofahamu DTS. Namba zikifika kama zilivyo, risiva inaitambua na muziki unatoka. Zikiguswa, hata kwa kushusha volyumu kidogo, unasikia mvumo kama mvua juu ya bati. Anza na amplifaya ikiwa chini, maana mvumo huo hutoka kwa nguvu zote.

Kitelezi cha volyumu si kipimo cha kuaminika. DAC nyingine zina volyumu yao ya ndani inayoamriwa kupitia USB, kwa hiyo kitelezi cha kompyuta kinaweza kushusha sauti bila kugusa namba hata moja njiani.

Kebo, kwa kuwa lazima itajwe: USB ya sauti hutuma data kwa zamu zisizorudiwa. Pakiti ikiharibika haiombwi tena. Utasikia mkwaruzo au pengo. Haiwezekani kosa likaja kwa upole likapunguza besi tu. Mikwaruzo ya mara kwa mara kwenye laptopu ndogo mara nyingi ni akiba ya data kuisha kabla ya draiva kuijaza tena, kwa hiyo ongeza ukubwa wa akiba kwenye programu na uzime Wi-Fi ujaribu. Mngurumo unaokoma ukichomoa chaja ni suala la umeme na waya wa ardhi, na biti zako zinaweza kuwa salama wakati wote huo.

Tena, njia isiyo biti kwa biti si lazima iwe mbaya. Volyumu ya dijitali ikifanyika kwenye biti 24, ile 12,345 ikiongezewa biti nane za sifuri (yaani mara 256) inaandikwa 3,160,320, nusu yake ni 1,580,160 kamili, na hakuna kilichokatwa. Kibadilisha kasi kilichotengenezwa vizuri hakisikiki. Anayetumia ekwalaiza kurekebisha spika zake ameivunja sifa kwa makusudi, na huenda anasikiliza muziki bora kuliko anayeilinda.

Kwa hiyo anayesema “nina laptopu ya biti kwa biti” ameichukua sifa ya barabara akaivisha gari. Aseme njia yake ni biti kwa biti, kwa programu fulani, kwa mpangilio fulani, leo. Sasisho moja la mfumo linatosha kurudisha mipangilio ya zamani, na DAC yenye taa au skrini ya kasi itamwonyesha mara wimbo wa CD unapoanza: 44.1 au 48.