Je, wajua barabara mpya inaweza kuudhoofisha mkoa maskini?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mkoa ulio nyuma kiuchumi hukosa fedha tu: serikali ikishajenga barabara, viwanda vitakuja vyenyewe. Imani hiyo imeenea, na kampeni nyingi hujengwa juu yake. Lakini barabara ina pande mbili. Inayotoa mzigo wako ndiyo inayomleta mshindani wako.

Chukua kiwanda kidogo cha samani katika mkoa wa pembezoni. Kinatengeneza meza 20 kwa wiki. Kile cha mji mkubwa kinatengeneza 2,000. Pango la jengo, mashine na mshahara wa fundi mkuu vikigawanywa kwa meza 20, kila moja inabeba gharama nzito. Mbona basi kiwanda hicho hakijafungwa? Kinalindwa na njia mbovu. Gharama ya kusafirisha meza kutoka mjini inameza ile nafuu yote ya bei. Siku lami inapofika, usafiri unakuwa rahisi na ngome inabomoka. Mwenye kiwanda cha mjini hana haja ya kuhamia huko wala kuajiri mtu wa huko. Anaongeza lori moja tu.

Mwanauchumi Paul Krugman aliuonyesha mvuto huu wa viwanda kurundikana sehemu moja katika makala yake ya 1991, na mwaka 2008 akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi. China nayo ilitoa ushahidi: utafiti wa Benjamin Faber wa 2014 ulikuta kwamba wilaya za pembezoni zilizopitiwa na barabara kuu, kwa sababu tu zilikuwa njiani kati ya mji mkubwa mmoja na mwingine, zilikua polepole kuliko zile ambazo hazikuunganishwa.

Hii haina maana kwamba fedha za mikoa hazisaidii. Umoja wa Ulaya, wenye Mfuko wa Maendeleo ya Mikoa tangu 1975, hutoa fungu nono zaidi kwa mikoa ambayo pato lake kwa kila mtu halifiki asilimia 75 ya wastani wa Umoja. Mpaka huu ni hazina kwa watafiti: mkoa wa asilimia 74 na wa 76 hufanana karibu kwa kila kitu, ila mmoja unapata fungu na mwingine unakosa. Wanauchumi Becker, Egger na von Ehrlich waliutumia, na mwaka 2013 wakaripoti kwamba ni karibu asilimia 30 tu ya mikoa iliyogeuza fedha hizo kuwa ukuaji wa kasi wa pato: ile yenye watu waliosoma vya kutosha na taasisi zinazofanya kazi vizuri.

Tahadhari moja: asilimia hiyo 30 inahusu ukuaji wa pato, nalo si sawa na uwezo wa kushindana. Pato la mkoa linaweza kupanda kwa sababu vibarua wanalipwa kujenga daraja, huku kiwanda cha samani kikiwa bado na mashine zilezile na meza zake 20.