Fundi, nimetia tone moja tu la mafuta: dhana potofu kuhusu kamera za zamani

Msimu wa korosho ukifunguka na hela ikishaingia mkononi, watu wa huku Mtwara huzikumbuka kamera za wazee wao. Zinatolewa makabatini Mikindani, Newala, hata Lindi mjini: Canonet, Yashica Electro 35, mara mojamoja Zorki ya Kirusi. Wenyewe wanataka kuzipigia mkanda (filamu) wa rangi, nami hufurahi kweli. Ila kuna kauli moja imenichosha, ya shata, ule mlango mdogo wa kamera unaofunguka na kufunga kupitisha mwanga. Salamu zikiisha tu, naambiwa: "Shata lilikuwa limekwama fundi, nikatia tone moja tu la mafuta ya cherehani."

Dhana: shata likikwama limekauka, linataka mafuta.

Hapana. Shata la kukaa ndani ya lenzi, kama la Canonet, lina vibati vyembamba vya chuma vinavyolaliana, na vimeundwa vifanye kazi vikiwa vikavu kabisa. Springi inayovisukuma ni ndogo, haiwezi kuvibandua vikishashikana. Tone la mafuta halikai ulipolidondosha. Linatambaa katikati ya vibati, linashuka hadi kwenye tundu la lenzi (mwanya unaopanuliwa au kubanwa kupitisha mwanga), na kwa joto la huku mvuke wake unatua kwenye vioo vya ndani. Mulika tochi uone ule utando. Siku za mwanzo shata hucheza, ndiyo maana mtu anaamini amelitibu na kwenda kumshauri jirani. Baadaye linaganda kuliko mwanzo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mara nyingi shata lilikwama kwa sababu ya mafuta hayohayo: grisi ya zamani ya pete ya kufokasi imechuja na kufika kwenye vibati. Umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Tena zipo Canonet zinazoletwa kwangu zimelowa mafuta na hazikuwa na ubovu wowote. Pete ya tundu iko kwenye A (kamera ijipangie mwanga yenyewe), betri hakuna, na kamera hiyo ikiwa kwenye A hukataa kupiga mwanga usipopimika. Toa pete kwenye A, weka 8, vuta mkanda, bonyeza. Ikilia, nenda zako nyumbani.

Ikiwa imekwama kweli, fungua mgongo bila mkanda, tundu wazi kabisa, piga ukiangalia dirishani. Vibati vikichelewa au visipofunguka, kioo cha mbele kitolewe, vibati vifutwe kwa pamba na petroli ya kiberiti iliyo safi, si ya bodaboda. Unapiga shata, unafuta, unaacha likauke, unarudia. Kazi hii haitaki haraka, na usivisukume vibati kwa sindano.

Dhana: betri yake haitengenezwi tena, basi kamera imekufa.

Betri za zebaki za volti 1.35 zimeondoka sokoni, ni kweli. Lakini Canonet hupiga spidi zake zote bila betri. Kinacholala ni mita ya kupimia mwanga tu. Yashica Electro ndiyo inayotegemea umeme: bila betri hubaki na spidi ya 1/500 ya sekunde peke yake. Kwenye Canonet usichomeke ya volti 1.5 ukaiamini mita, maana itakudanganya kuwa mwanga ni mwingi. Betri ya kifaa cha kusikilizia, ya volti 1.4, inakaribia zaidi.

Dhana: jua la Mtwara linaunguza mkanda, kwa hiyo bana mwanga.

Mkanda wa rangi wa negativu huvumilia mwanga kuzidi stopu mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili) bila shida. Usichovumilia ni upungufu: vivuli vinakuwa vya matope, rangi zinachujuka, na hapo lawama zinaniangukia mimi. Mkanda wa Kodak Gold 200 mimi huupimia mwanga kana kwamba ni wa 100, ili upate mwanga zaidi. Saa sita mchana ufukweni Shangani, 1/125 na tundu 16. Mtu akiwa kivulini chini ya mwembe, fungua hadi 5.6 au hata 4, pima uso wake, achana na anga.

Dhana: mfuko wa ngozi ndio ulinzi bora.

Ngozi hunyonya unyevu, na kwa hewa ya bahari ya huku kuvu huanzia hapohapo na kula kioo. Mfuko weka pembeni kama urembo. Kamera ikae kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana na silika jeli. Mchele hautoshi, na una vumbi.

Dhana: mkanda hauna haraka, utasafishwa siku yoyote.

Joto huharibu mkanda kabla na baada ya kupigwa. Ambao hujaupiga ukae kwenye friji ndani ya kikopo chake, na ukiutoa usubiri saa kadhaa ndipo ukifungue, la sivyo unyevu utatua juu yake. Uliokwisha kupigwa usiuache kwenye dashibodi ya gari ukisubiri harusi ijayo. Usafirishe wiki hiyohiyo, na kama ni kwa ndege, uende nao mkononi. Mizigo ya chini hupita kwenye mashine kali zaidi.