Nanotyubu yenye sumaku: kwanza ondoa mabaki ya kichocheo

Ukiambiwa nanotyubu za kaboni (mirija midogo mno yenye ukuta wa kaboni) zilizotiwa chuma, kobalti au nikeli zimekuwa sumaku, uliza kwanza: metali hiyo imekaaje? Atomu mojamoja iliyoshika ukuta na punje ya nanomita 10 iliyojibanza ndani ni vitu viwili tofauti kabisa, ila mashine ya kupima usumaku huvijumlisha.

Usumaku wa atomu hutokana na elektroni zisizo na mwenzi: atomu huru ya chuma inazo 4, kobalti 3, nikeli 2. Atomu hiyo ikitua katikati ya pembesita ya kaboni, elektroni za tabaka la nje, 4s, huhamia tabaka la 3d na kupata wenzi. Hesabu za kompyuta hutoa momenti (nguvu ya sumaku ya atomu) ya takriban magnetoni 2 za Bohr, kizio chake, kwa chuma, 1 kwa kobalti na karibu sifuri kwa nikeli. Kwa hiyo kutia atomu za nikeli kwenye ukuta safi ukitarajia sumaku kali ni kujisumbua bure. Tena atomu hazitulii: huteleza juu ya ukuta na kukusanyika kuwa punje. Ndiyo maana wengi huingiza nitrojeni ukutani kwanza. Atomu nne za nitrojeni zikizunguka atomu moja ya chuma, haibanduki kirahisi.

Kinachonisumbua zaidi katika kazi hizi ni kichocheo, yaani metali inayotumika kukuzia nanotyubu. Nanotyubu nyingi hukuzwa kwa chuma, kobalti au nikeli, na mabaki yake hubaki humo. Piga hesabu: sampuli ya mg 10 yenye chuma asilimia 0.1 tu ina mikrogramu 10 za chuma. Chuma kikishiba usumaku hutoa emu (kizio cha usumaku) 218 hivi kwa gramu, basi utasoma kama emu 0.002. Mashine nzuri huona hadi emu 0.000001. Uchafu huo pekee utakupa mkunjo mzuri wa histeresisi (mchoro wa kitu kinachobaki sumaku hata uga wa sumaku ukiondolewa), na utadhani ni atomu zako. Hata kibano cha chuma kinatosha kuharibu kipimo. Tumia cha plastiki.

Pima mabaki kwa kuchoma: mg 10 ndani ya hewa hadi 900 °C. Kaboni yote huondoka, na kichocheo kikiwa chuma unabaki unga mwekundu wa oksidi yake, Fe₂O₃. Zidisha uzito wake kwa 0.70 upate chuma. Ukibakiwa na mg 0.5, ulikuwa na chuma asilimia 3.5.

Kuloweka katika asidi hidrokloriki peke yake hakusaidii sana, kwa sababu punje zimefungwa ndani ya maganda ya grafiti. Pasha kwanza kwenye hewa, karibu 350 °C, maganda yapasuke, ndipo uloweke. Usipandishe moto kwa pupa: chuma chenyewe huchochea uunguaji, na nanotyubu zitaungua kabla maganda hayajaisha.

Ukitaka kujaza ndani, usijaribu metali iliyoyeyuka. Nanotyubu hufyonza tu vimiminika vyenye mvutano wa uso usiozidi takriban milinyutoni 200 kwa mita (mN/m). Maji yana 72, chuma kilichoyeyuka kinapita 1,000. Tumia mmumunyo wa nitrati ya metali, kausha, kisha oksidi inayotokana nayo iondolee oksijeni kwa hidrojeni.

Kutambua ulichopata, fuatilia usumaku huku ukipandisha joto, ndani ya argoni. Usumaku ukishuka ghafla karibu 210 °C, una kabidi ya chuma, Fe₃C, ambayo hujitokeza mara nyingi ukikuza kwa ferosini, kampaundi yenye chuma. Ukishuka karibu 770 °C, ni chuma halisi. Nikeli ni karibu 354 °C. Kisha poza sampuli bila uga wa sumaku, pima ukipandisha joto, halafu rudia baada ya kuipoza ndani ya uga. Mistari miwili ikiachana chini ya halijoto fulani, hizo ni punje, si atomu mojamoja. Punje ya chuma ya nanomita 5 iliyo peke yake hufungika (mwelekeo wa sumaku yake huacha kugeukageuka) karibu kelvini 9. Ya nanomita 10, karibu 73, kwa kuwa ujazo umeongezeka mara 8. Punje zikibanana, namba hizo hupanda.

Na daima andaa sampuli ya ulinganisho: nanotyubu zilezile, asidi ileile, tanuri lilelile, bila metali uliyoongeza. Usumaku wake kwa kila gramu uutoe kwenye ule wa sampuli yako kabla ya kuandika neno lolote kuhusu atomu.