Skrini za matangazo maktabani: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Runinga yoyote ya nyumbani inatosha." Inategemea itawaka kwa muda wa saa ngapi kila siku. Runinga ya sebuleni imeundwa kwa saa chache kwa siku, na mara nyingi dhamana yake haihusu matumizi ya mahali pa umma. Skrini za kibiashara hutengenezwa ziwake saa 16, nyingine hata 24 mfululizo. Angalia pia mwangaza. Niti (kipimo cha mwangaza wa skrini) 300 hivi zinatosha ndani ya jengo, lakini skrini ya dirishani inayopigwa na jua huhitaji 2,500 au zaidi.

"Programu zake ni za kulipia tu." Si kweli. Anthias, kwa mfano, ni programu huria isiyolipiwa, na huendeshwa kwenye Raspberry Pi, kompyuta inayokaribia ukubwa wa kadi ya benki.

"Intaneti ikikatika, skrini inabaki tupu." Mfumo mzuri hupakua matangazo mapema na kuyahifadhi kwenye kifaa chenyewe. Lijaribu hili kabla ya kununua: chomoa kebo ya mtandao uone kitakachotokea.

"Kadiri tunavyoweka mengi, ndivyo wasomaji wanavyojua mengi." Hii ndiyo dhana inayoharibu kazi kuliko zote. Mtu anayepita mlangoni ana sekunde chache tu. Ukimwekea ratiba ya wiki nzima kwa herufi ndogo, hataondoka na lolote. Ukurasa mmoja ubebe jambo moja: nini, lini, wapi. Herufi zitofautiane vizuri na rangi ya nyuma yake. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurahisisha tovuti kwa watu wenye ulemavu, unataka uwiano wa mwangaza kati ya herufi na rangi ya nyuma usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kisimetemete chochote zaidi ya mara tatu kwa sekunde, maana kinaweza kumletea mtu mshtuko wa kifafa. Zaidi ya yote, kila tangazo lipewe tarehe ya kuondoka siku ile ile linapowekwa, na awepo mkutubi mmoja ambaye kazi hii ni yake. Tangazo la semina iliyokwisha huwafundisha wasomaji kutoitazama skrini tena.

"Skrini iwekwe kwenye ukumbi wa kusomea, ndiko watu wanakokaa." Hapana. Picha zinazobadilika humvuruga anayesoma. Mahali pake ni mlangoni, karibu na lifti au penye foleni ya kuazima vitabu.

"Sasa tung'oe mbao za karatasi." Msizing'oe. Karatasi humsubiri anayesoma polepole, skrini haimsubiri. Na asiyeona hapati chochote kwenye skrini isiyo na sauti, kwa hiyo tangazo muhimu lipatikane pia kwenye tovuti inayosomeka kwa programu zinazosoma maandishi kwa sauti, na kwa mdomo wa mhudumu aliye dawatini.