Histogramu katika R: dhana potofu na ukweli

Dhana: ukiandika `breaks = 10` ndani ya `hist()`, amri ya kuchora histogramu (pau zinazoonyesha ni thamani ngapi zimo kati ya mpaka mmoja na mwingine), utapata pau 10.

R, lugha ya programu ya takwimu, huichukua namba hiyo kama pendekezo tu, kisha amri yake ya `pretty()` hutafuta mipaka inayosomeka vizuri. Jaribu `hist(faithful$eruptions, breaks = 10)`. Data hiyo ina muda, kwa dakika, wa milipuko 272 ya chemchemi ya Old Faithful, na zinatoka pau 8 zenye upana wa nusu dakika, kuanzia 1.5 hadi 5.5. Omba 20, utapewa 18. Ukitaka itii, ipe mipaka yenyewe: `breaks = seq(1.5, 5.25, by = 0.25)`. Thamani hata moja ikibaki nje ya mipaka, R inagoma: `some 'x' not counted`.

Dhana: namba nzima hazisumbui.

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu picha inatoka safi bila onyo lolote. Chukua matokeo ya kurusha dadu mara 600 na uweke `breaks = 1:6`. Zinatoka pau 5, na ya kwanza ni ndefu karibu mara mbili ya wenzake. Dadu haina hila. Kila kundi hubeba mpaka wake wa kulia na kuuacha wa kushoto, ila la kwanza hubeba yote miwili. Kwa hiyo 1 na 2 zimerundikwa pamoja. Kuweka `right = FALSE` hakutibu, kunahamishia rundo kwenye 5 na 6. Weka mipaka katikati ya namba: `breaks = seq(0.5, 6.5, 1)`.

Dhana: pau 30 za ggplot2, kifurushi cha R cha kuchora picha, zimepimwa kulingana na data yako.

Ni 30 kwa kila data, ndiyo maana inakukumbusha uchague `binwidth`, yaani upana wa pau. Chagua.

Dhana: `xlim` inasogeza tu picha karibu.

Kwenye `hist()` ni kweli. Kwenye ggplot2 inaondoa data iliyo nje kabla ya kuhesabu, na pau za pembeni zinaweza kupotea. Tumia `coord_cartesian(xlim = c(2, 4))`.

Dhana: kwenye ggplot2, `aes(fill = "blue")` inapaka pau bluu.

Inapaka wekundu uliofifia na kuongeza ufunguo wenye neno "blue", kwani ndani ya `aes()` neno hilo ni data, si rangi. Litoe nje: `geom_histogram(binwidth = 0.25, fill = "blue", colour = "white")`. `colour` ni mstari wa ukingo. Bila huo, pau zinagandana zikaonekana kama ukuta.