Muvi Haihitaji Kuinstoliwa: Pati Mpya za Masupahiro na Usalama wa Kompyuta ya Nyumbani

Kila ikitangazwa pati ya pili au ya tatu ya muvi ya masupahiro, sisi tunaoshughulika na usalama wa kompyuta tunajua kazi inakuja. Si kwamba tunachukia muvi, humu ofisini wapo ambao ndo wa kwanza kukata tiketi, ila huo muda kati ya trela kutoka na muvi yenyewe kufika majumbani ni msimu wa mavuno kwa matapeli. Watu wana hamu, pati iliyopita iliishia pabaya, stelingi haijulikani kafa au yuko hai, kila mtu anaogopa kusimuliwa mwisho kabla hajaona, halafu muvi yenyewe iko kwenye kumbi za sinema tu na haijafika kwenye app za kulipia. Hapo katikati ndo anajitokeza mtu anakwambia mimi ninayo, full HD, bofya hapa.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa Desemba 2021 ilipotoka Spider-Man: No Way Home. Mwezi huohuo kampuni ya usalama ya ReasonLabs ikakuta kwenye torenti, ile njia ya watu kushushiana mafaili wao kwa wao mtandaoni, faili linalojifanya ndo hiyo muvi, jina lake spiderman_net_putidomoi.torrent.exe. Tazama herufi tatu za mwisho. Ndani hakukuwa na muvi hata sekunde moja, kulikuwa na programu ya kuchimba Monero, ile sarafu ya kidijitali, yani inatumia nguvu ya kompyuta yako kumtengenezea tapeli hela, na kabla haijaanza kuchimba ilijiweka kwenye orodha ya vitu ambavyo Windows Defender, antivairasi inayokuja na Windows, imeambiwa isivikague, halafu ikaweka na mlinzi wake, kaprogramu kengine ka kuhakikisha mchimbaji hazimwi. Mwenye kompyuta anachoona ni mashine nzito, feni inalia muda wote hata akiwa hajafungua kitu, na bili ya umeme inapanda. Na huyo ni wa afadhali, kwa sababu hakuwa mwizi wa paswedi. Wanaokuja siku hizi wengi ni wezi wa paswedi, nitawafikia.

Sasa jambo lenyewe ninalotaka ulishike leo ni hili: muvi haiombi kitu. Haiombi kuinstoliwa, haiombi uzime antivairasi, haiombi ruhusa ya administreta, yani mwenye mamlaka yote juu ya kompyuta, haiombi ubonyeze vitufe fulani kwanza ndo icheze. Muvi ni data tu, inafunguliwa na programu nyingine, VLC au plea yoyote uliyonayo, na jina lake linaishia na .mp4, .mkv, .avi na wenzake. Programu ni maagizo, ukiibofya kompyuta inatii, na hiyo inaishia na .exe, .msi, .scr, .bat, .js na zingine za ukoo huo. Kwa hiyo kitu kikijiita muvi halafu kikaanza kukuomba omba, hicho ni programu, na kama kimeficha kuwa ni programu basi hakina nia njema.

Shida ni kwamba Windows kwa kawaida yake inaficha hiyo mikia ya majina. Mtu akiliita faili muvi.mp4.exe wewe unaona muvi.mp4, na picha ya plea juu yake, maana picha ya faili mtengeneza programu anaweka anayotaka. Ujanja huu ni mkongwe sana, vairasi ya ILOVEYOU ya Mei 2000 ilizunguka dunia kwa barua pepe ikiwa na kiambatisho kinachoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, watu wakaona TXT wakajua ni barua ya mapenzi wakafungua. Zaidi ya miaka 20 imepita na mikia bado inafichwa, mi nashindwa kuelewa kwa nini. Kuwasha ni kazi ya sekunde chache: kwenye Windows 11 fungua File Explorer, nenda View, kisha Show, weka tiki kwenye File name extensions. Kwenye Windows 10 hiyo tiki iko palepale ukishafungua View. Fanya sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, mimi sina haraka.

Hata ukishawasha, kuna mkia mmoja ambao Windows haikuonyeshi, .lnk, yani shotkati. Utaitambua kwa kamshale kadogo kwenye kona ya picha ya faili. Watu wanadhani shotkati ni kinjia tu cha kufikia folda lakini shotkati inaweza kubeba amri nzima ndani yake, ukibofya inaenda kuita vitu vingine kimyakimya. Ukishusha folda la muvi ukakuta ndani kuna kitu chenye kamshale, usikiguse, futa folda zima.

Dalili zingine tunazokutana nazo mara kwa mara. Faili limefungwa kwenye zip au rar lenye paswedi, na paswedi yenyewe wamekuandikia pembeni, 1234 au kitu kama hicho. Watu hudhani hiyo ni dalili ya umakini kumbe ni kinyume, paswedi iko pale kumzuia antivairasi asichungulie ndani. Au maelezo yanasema zima antivairasi kwanza kwa sababu inalalamika bure. Ukisoma sentensi hiyo mahali popote, funga ukurasa, hakuna cha kufikiria. Halafu kuna saizi: muvi ya saa mbili yenye picha safi ni GB 1 na kupanda, ukikuta ya MB 5 sio muvi, ila usiitegemee sana dalili hii kwa sababu wapo wanaolijaza faili takataka mpaka linenepe, na kunenepa huko kunawasaidia pia kukwepa ukaguzi maana skana nyingi huruka mafaili makubwa. Na jiulize kitu kimoja tu cha kawaida, muvi iko sinema wiki ya kwanza, hiyo full HD imetokea wapi? Kwa kawaida kinachokuwepo mtaani siku hizo ni kilichorekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi, picha ya kiza na vichwa vya watu mbele. Anayekuahidi picha kali muda huo anakuuzia hamu yako mwenyewe.

Hapa wengi hunijibu, mimi sishushi kitu, mi naangalia humohumo mtandaoni. Sawa. Machi 2025 Microsoft walitoa ripoti ya kampeni waliyoigundua Desemba 2024, karibu vifaa milioni 1 duniani viliguswa, na chanzo kilikuwa saiti za kuonyesha muvi kinyume cha sheria. Matangazo yalikuwa yamepachikwa ndani ya fremu ya video yenyewe, ukibofya ili muvi ianze unarushwa ukurasa huu, unarushwa ule, mpaka unatua kwenye faili lililohifadhiwa GitHub, sehemu ambayo watengeneza programu wa kweli wanaweka kazi zao, kwa hiyo hata jicho la mtaalamu lingeweza kupita. Mzigo wa mwisho ulikuwa ni wa kuiba taarifa.

Na kuna hii ya kuthibitisha wewe si roboti, ambayo naomba uisome polepole kwa sababu ndo inayopiga watu hivi sasa. Unabofya kucheza muvi, kinatokea kiboksi kama vile vya kawaida ulivyozoea, unaweka tiki. Bila wewe kujua, ile tiki imeshakopi maneno kwenye kompyuta yako. Kisha kinakwambia hatua ya mwisho ya uthibitisho: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Mibonyezo mitatu tu, mtoto wa darasa la nne anaweza. Ulichofanya hapo ni kufungua kidirisha cha kuamrisha kompyuta, ukapesti amri ya tapeli, na ukaitekeleza kwa mkono wako mwenyewe, amri ambayo mara nyingi inaanza na powershell au mshta, zana za Windows yenyewe za kuendesha maagizo, halafu inaenda kuvuta vairasi mtandaoni. Antivairasi inachanganyikiwa kwa sababu haikuona faili likishushwa, imeona mwenye nyumba anatoa amri. Hakuna uthibitisho wa kweli wa roboti unaotoka nje ya brauza, haupo, iwe muvi iwe benki. Wenye Mac msicheke pia, tangu 2023 kuna mwizi anaitwa Atomic Stealer ametengenezwa kwa ajili yenu, anawaletea kidirisha kinachofanana na cha mfumo kikiomba paswedi ya kompyuta, nanyi mnaandika.

Wezi hawa wanachukua nini? Paswedi zote ulizohifadhi kwenye brauza, kadi, pochi za sarafu za kidijitali, na kuki. Kuki ndo watu hawazielewi. Ukiingia kwenye barua pepe yako leo na kesho ikakuruhusu bila kuuliza paswedi, ni kwa sababu brauza imehifadhi kuki inayosema huyu tayari ameshaingia. Mwizi akiichukua hiyo anaiweka kwenye brauza yake na anaingia kama wewe, haulizwi paswedi, haulizwi hata ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu, ndo maana utasikia mtu analalamika kwamba alikuwa na ulinzi wa hatua mbili na akaunti imeenda vilevile. Ulinzi wa hatua mbili uwashe, unazuia mengi, ila haukulindi dhidi ya kitu ulichokiruhusu kikae ndani ya kompyuta yako. Mwizi mmoja wa aina hii, Lumma, Microsoft waliona kompyuta za Windows 394,000 zikiwa nae kati ya Machi 16 na Mei 16, 2025, miezi miwili tu, kabla wao na vyombo vya dola vya nchi mbalimbali hawajamvunjia mitambo. Kuvunjiwa mitambo si kufa, wanaofanana nae wako wengi.

Upande wa kujilinda, ukishawasha ile mikia umeshapiga hatua. Apdeti ndo inayofuata, na hapa sina la kubembeleza: WannaCry, vairasi ya kufunga mafaili ya watu ili walipe hela kuyafungua, ilipoanza Mei 12, 2017 ikadaka kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150, kiraka cha kuziba tundu lile Microsoft walikuwa wameshakitoa Machi 14, karibu miezi miwili kabla. Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha Oktoba 14, 2025, kama kompyuta yako inakubali Windows 11 hamia. Apdeti na plea pia, maana mwaka 2017 kampuni ya usalama ya Check Point ilionyesha kwamba hata faili la maandishi ya chini ya muvi, zile subtaito, lingeweza kutumika kuteka kompyuta kupitia plea kama VLC, Kodi na nyingine, mianya ikazibwa, ila aliyebaki na toleo la zamani alibaki nao. Antivairasi, Defender inayokuja na Windows inatosha kwa nyumba nyingi mradi haijazimwa, usirundike mbili zikagombana. Kizuia matangazo kwenye brauza ni kitu kizuri sana, hata FBI mwaka 2022 waliwashauri watu wakitumie wanapotafuta vitu mtandaoni.

Kompyuta ya familia, watoto wawe na akaunti yao isiyo ya administreta. Wao ndo wanaotafuta hizi muvi kwa nguvu. Akaunti ya kawaida haizuii kila kitu, mwizi bado anaweza kuchukua vilivyomo kwenye akaunti hiyohiyo, ila hawezi kirahisi kuizima Defender wala kuingia kwenye akaunti yako wewe yenye mambo ya benki. Na bakapu: picha na nyaraka zako ziwe kwenye diski ya pembeni (hard disk) ambayo ukimaliza kukopi unaichomoa. Ikibaki imechomekwa, siku mafaili yanafungwa nayo inafungwa pamoja.

Kama kompyuta inakutolea vimatangazo kwenye kona kwamba ina vairasi watano na uinunue antivairasi fulani, usihamaki, mara nyingi hiyo sio vairasi, ni saiti ya muvi uliyoiruhusu ikutumie arifa siku ile iliposema bofya ruhusu ndo video icheze. Ingia seting za brauza, sehemu ya arifa, toa saiti zote usizozijua, zinanyamaza.

Ila kama umeshabofya lile faili, au umeshafanya ile mibonyezo mitatu, kata intaneti kwanza, zima Wi-Fi au chomoa waya. Usikimbilie kubadilisha paswedi kwenye kompyuta hiyohiyo, utakuwa unampa mwizi na mpya. Chukua simu au kompyuta nyingine, anza na barua pepe maana ndo inafungua vingine vyote, badilisha paswedi na ubofye ile ya kutoka kwenye vifaa vyote ili zile kuki alizoiba zife, kisha benki, kisha mitandao ya kijamii. Benki wapigie, usisubiri uone hela zimetoka. Kompyuta iskani kwa Defender Offline, inayokagua kabla Windows haijawaka, na ikiwa ni mwizi wa paswedi mimi ningeifuta yote na kuweka Windows upya, skana ikisema safi simwamini sana. Mafaili yakiwa yamefungwa na unadaiwa hela, usilipe kabla hujaingia nomoreransom.org, mradi ulioanza 2016 na Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, na polisi wa Uholanzi wamo, wanatoa bure funguo za aina nyingi za vairasi hao, sio wote. Ukikosa ufunguo leo tunza yale mafaili, kuna funguo zimepatikana baadaye. Na wakati wa kurudisha bakapu rudisha picha, nyaraka na miziki, programu zote zishushe upya kwa wenyewe, wala usirudishe folda la Downloads kama lilivyo.